Maji ya bwawa la kuogelea yamekuwa kijani: soma dalili kabla ya kununua dawa

Klorini huua mwani, haiutoi bwawani. Unaoutoa ni mchanga ulio ndani ya kichujio, ukisaidiwa na brashi. Wengi huchanganya kazi hizi mbili, na ndiyo maana mabwawa ya majumbani huku kwetu, kuanzia Forest Mpya na Isyesye hapa Mbeya hadi Gangilonga kule Iringa, hutiwa ndoo nzima ya klorini na bado sakafu haionekani. Mwenye bwawa akinipigia simu, swali lake la kwanza huwa, "Fundi, niweke dawa gani?" Mimi humuuliza: maji ni ya kijani lakini unaona mpaka chini, au ni ya kijani na hata kidato cha pili cha ngazi hukioni? Jibu la hapo ndilo linaloamua kama utaanza na klorini, utaanza na kichujio, au leo usimwage kitu chochote.

Wakati unatafuta jibu, bwawa lifungwe. Kama huoni kifuniko cha tundu la kutolea maji kwenye kina kirefu, basi hutamwona hata mtoto aliyezama. Asiingie mtu, hata yule anayejua kuogelea, na lango liwe na kufuli.

Jaribio la chupa

Tafuta chupa ya plastiki isiyo na rangi. Izamishe bwawani mpaka maji yakufike kwenye kiwiko, ujaze maji ya huko chini badala ya yale ya juu. Isimamishe mbele ya karatasi nyeupe, uitazame. Halafu tia nusu kijiko cha chai cha jiki ya kufulia, funga, tikisa, iache mahali pa kivuli mpaka jioni.

Kijani kikififia na maji yakabaki na ukungu wa kijivu au mweupe, ulikuwa mwani na klorini imeuua. Maji yakigeuka kahawia, kuna madini ya chuma, na hayo mara nyingi hutoka kwenye kisima. Yakibaki maangavu yenye kijani au ubuluu uleule, ifikirie shaba. Na kama hata kabla ya jiki maji ya chupani hayana rangi yoyote huku bwawa linaonekana kijani, kilicho kijani ni kuta na sakafu, maji yenyewe bado. Chukua brashi.

Jaribio hili halina gharama, nalo limewaokoa watu wengi wasinunue ndoo ya klorini ambayo ingewazidishia tatizo.

Kijani na huoni chini: mwani ulio hai

Hapa tatizo ni moja tu, klorini iliisha na mwani ukapata nafasi. Lakini iliisha kwa nini? Usipojibu hilo, utalisafisha wiki hii na mwezi ujao utarudi palepale.

Jua ndilo la kwanza. Mbeya mjini tuko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na Njombe ni juu zaidi. Baridi hutudanganya. Mtu aliyevaa sweta asubuhi ya Julai hudhani jua halina nguvu, kumbe miale ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, na anga la kipupwe huku halina wingu. Klorini isiyo na kinga ya jua, ikitiwa asubuhi, sehemu kubwa huwa imekwisha ifikapo mchana. Kwa hiyo klorini ya unga itiwe jioni, jua likishazama, ipate usiku mzima wa kufanya kazi.

Msimu wa baridi una mtego mwingine. Kwa kuwa hakuna anayeogelea, pampu huzimwa kuanzia Juni na bwawa husahaulika. Baridi hupunguza kasi ya mwani, haiuui. Septemba joto likirudi, mwani uliokuwa umejibanza nyuma ya ngazi na kwenye viungo vya vigae hulipuka kwa siku chache, na simu zinaanza kulia. Bwawa la Julai linahitaji klorini kidogo na saa chache za pampu, lakini linahitaji.

Kisha mvua. Zikianza Novemba au Desemba huzimua klorini na kuingiza matope, majani ya mparachichi na majivu ya mashamba yaliyochomwa. Kibaya zaidi ni mbolea. Nyumba nyingi huku zina bustani ya mahindi, viazi au mboga hatua chache kutoka bwawani, na mvua kubwa ikipiga, maji hutiririka moja kwa moja kutoka kwenye matuta. DAP huleta fosfeti, ambayo ni chakula cha mwani, pamoja na amonia. Urea na CAN huleta naitrojeni. Amonia ikikutana na klorini huifunga, na klorini iliyofungwa ina nguvu ndogo sana ya kuua. Ile harufu kali inayochoma macho, ambayo watu husema ni dalili ya klorini kuzidi, mara nyingi ni klorini iliyofungwa, yaani klorini huru, ile ambayo haijafungwa, imepungua. Kama ardhi imeinamia bwawa, chimba mfereji wa kukinga maji upande wa juu. Kazi hiyo ya siku moja kwa jembe itakuokolea klorini ya msimu mzima.

Umeme nao upo. Ukikatika mara kwa mara, na saa ya kuwashia pampu haijarekebishwa, pampu inaweza kuwa inafanya kazi saa mbili tu kwa siku bila wewe kujua. Bwawa la nyumbani lihesabie saa 8 kwa siku wakati wa joto. Pampu ya nguvu farasi moja itakula uniti 6 au zaidi kidogo kwa muda huo, na najua zinauma. Maji yakishageuka, hata hivyo, utaiwasha usiku na mchana kwa siku kadhaa mfululizo, tena na klorini juu yake.

Jinsi ya kuua mwani

Anza na pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji. Ikiwa 7.5, karibu nusu ya klorini huru iko katika hali inayoua. Ikiwa 8, ni robo tu. Kumwaga klorini kwenye maji ya pH 8 ni kutupa robo tatu ya hela yako, kwa hiyo ishushe kwanza hadi 7.2 kwa asidi ya haidrokloriki. Mimina asidi ndani ya maji, kamwe usimimine maji juu ya asidi. Kwa bwawa la kawaida la nyumbani tia nusu lita kwa mara, pampu ikizunguka, subiri muda wa saa 4, pima tena.

Halafu fanya hesabu ya ujazo. Zidisha urefu kwa upana kwa wastani wa kina, vyote kwa mita. Bwawa la mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita 1.5, lina mita za ujazo 48, yaani lita 48,000. Ukitaka kupandisha klorini kwa miligramu 10 kwa lita, unahitaji gramu 480 za klorini halisi. Klorini ya unga inayouzwa madukani mara nyingi ni ya asilimia 65, kwa hiyo pima gramu 740 hivi. Maji ya kijani hafifu hutosheka na hiyo. Kijani kizito kinataka mara mbili yake, kilo moja na nusu, na huenda ukarudia siku inayofuata. Soma asilimia kwenye kopo, maana zinatofautiana, na klorini iliyokaa dukani muda mrefu mahali penye joto na unyevu huwa imepoteza nguvu.

Kabla ya kutia, piga brashi kila mahali: kuta, vidato, nyuma ya ngazi, pembeni mwa taa, na ile mistari kati ya vigae. Mwani una utando unaoukinga, na klorini hupita juu yake ikaacha uliomo ndani. Brashi ndiyo inayouchana. Bwawa la saruji linavumilia brashi ya waya, la fibaglasi au la turubai litumie ya nailoni. Nimeona mabwawa yaliyotiwa klorini ya kutosha kabisa yakashindwa kwa sababu hii moja.

Jaza ndoo maji, tia klorini ndani ya maji, koroga kwa kijiti, acha ile chokaa ituame chini, kisha mwaga maji ya juu kuzunguka bwawa. Vaa glovu na miwani, simama upande upepo unakotoka. Na hili nalisema kwa uzito wote: usichanganye klorini ya unga na ile ya vidonge, hata kwa kutumia ndoo moja ambayo haijasuuzwa. Ni kemikali mbili tofauti na zikikutana zinaweza kuwaka moto au kulipuka. Klorini na asidi nazo zikikutana hutoa gesi inayoharibu mapafu. Ziwekwe mbalimbali, penye hewa, mbali na watoto.

Nitajuaje kuwa mwani umekufa?

Rangi peke yake haitoshi. Pima klorini huru jua likishazama, andika. Pima tena alfajiri kabla jua halijagusa maji. Usiku hakuna jua la kuila klorini, kwa hiyo ikishuka kwa zaidi ya miligramu 1 kwa lita, kuna kitu kilicho hai au kichafu kinachoila, na kazi haijaisha. Isiposhuka, umeshinda upande huo, na kilichobaki ni kuchuja.

Angalizo kwa wanaotumia vidonge vya DPD, vile vinavyogeuza maji kuwa ya waridi: klorini ikiwa juu sana, waridi hutokea kufumba na kufumbua halafu hupotea, kipimo kikaonekana cheupe. Mtu hudhani hakuna klorini, anaongeza nyingine. Ukishuku hivyo, changanya maji ya bwawa na maji safi ya chupa nusu kwa nusu, pima, zidisha jibu kwa mbili. Bado yakififia, zimua zaidi.

Kijani kimeondoka, sasa maji ni meupe kama ya kuoshea mchele

Hii ni hatua nzuri, na ndiyo hatua ambayo watu hukata tamaa. Mwani uliokufa unaelea vipande vidogo mno. Klorini zaidi haitasaidia. Washa pampu saa 24 na uelekeze macho kwenye kichujio.

Angalia geji ya presha. Kama husoma bari 0.8 kichujio kikiwa safi, ikifika 1.3 au 1.5 ni wakati wa bakiwoshi, yaani kuosha mchanga kwa kupitisha maji kinyume, na kipindi hiki unaweza kuifanya mara mbili kwa siku. Zima pampu kabla ya kugusa mkono wa vali, kila mara, la sivyo utaharibu mpira wa ndani na maji machafu yataanza kupita pembeni. Endesha bakiwoshi dakika mbili au tatu mpaka kioo kidogo cha vali kionyeshe maji safi. Zima. Peleka kwenye nafasi ya kusuuza, nusu dakika. Zima, rudisha kwenye kuchuja. Wanaoruka hatua ya kusuuza huona wingu jipya likitoka kwenye matundu ya kurudishia maji, wakashangaa bwawa limechafuka mara tu baada ya kusafishwa.

Geji ikisoma chini kuliko kawaida, tatizo liko upande wa kuvuta: kikapu cha skima, lile tundu la ukutani linalonyonya maji ya juu, kimejaa majani, au maji yameshuka chini ya mdomo wa skima na pampu inavuta hewa. Upepo wa Agosti na Septemba hukausha maji haraka. Maji yafike katikati ya mdomo wa skima.

Geji ikiwa sawa na maji bado meupe siku baada ya siku, fungua kichujio uutazame mchanga wenyewe. Ingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Mchanga mzuri hupenya vidoleni na kumwagika. Ukikuta mabonge magumu yenye utelezi na harufu ya uvundo, maji yamejitengenezea njia kati ya mabonge hayo na yanapita bila kuchujwa. Mchanga wa kichujio hudumu miaka 5 hadi 7, kisha hubadilishwa. Na tafadhali, usikubali mchanga wa mtoni wa kujengea. Ni rahisi, unapatikana kila kona, na mafundi wa ujenzi huupendekeza. Una punje za kila ukubwa na udongo ndani yake. Kichujio kinataka mchanga wa silika wenye punje za milimita 0.4 hadi 0.8. Mchanga ukionekana sakafuni chini ya matundu ya kurudishia maji, ujue mikono ya plastiki iliyo chini ya kichujio imevunjika, na hapo lazima kifunguliwe chote.

Kuna weupe wa aina nyingine, unaotokea dakika chache baada ya kutia klorini ya unga wakati pH iko juu. Huo ni chokaa. Shusha pH hadi 7.2, endesha pampu, utayeyuka na kuchujika.

Kama una haraka, tumia shabu, ileile inayouzwa madukani ya kutuliza maji ya kunywa. Gramu 50 kwa kila mita ya ujazo, yaani kilo mbili na nusu hivi kwa bwawa la mfano wetu, pH ikiwa kati ya 7 na 7.5. Isage, iyeyushe kwenye ndoo, mwaga juu ya bwawa zima. Zungusha maji bila kupitisha kwenye mchanga kwa saa moja au mbili, kisha zima kila kitu usiku kucha. Asubuhi utaona zulia la kijivu limelala chini. Livute polepole kwa vakyumu, vali ikiwa kwenye nafasi ya kumwaga nje, bila kulitimua. Ukilipitisha kwenye kichujio utakiziba. Kama bomba lako halina njia ya kumwaga nje, achana na shabu, vumilia kichujio. Mbegu za mlonge pia hutuliza maji, na watu huniuliza. Kwenye ndoo ya maji ya nyumbani sawa, bwawani hapana, maana huacha mabaki ya mmea yanayokula klorini na kulisha wadudu.

Kijani lakini maangavu

Unaona mpaka chini, vigae vinahesabika, ila maji yana rangi. Hapo usitie klorini. Mara nyingi ni mrututu, yaani chumvi ya shaba. Huku kwenye wilaya za kahawa, Mbozi na Mbinga, dawa za shaba za kunyunyizia mibuni zinafahamika na kila mkulima, na wapo wanaomwaga mrututu bwawani kuua mwani. Unaua kweli. Lakini shaba haiondoki na jua wala hailiwi, inabaki na kujikusanya kila unapoongeza, hupaka saruji madoa ya buluu na kijani, na hubadilisha rangi ya nywele nyeupe. Chuma nacho, kutoka kwenye kisima kilichojazia bwawa, hukaa kimya mpaka klorini ikiguse, kisha maji yote hugeuka kijani-kahawia mbele ya macho yako. Mama mmoja aliniambia, "Mwanangu, yalikuwa meupe asubuhi, nimetia dawa mchana, jioni ni kutu tupu." Maji yake yalikuwa ya kisima kipya.

Doa la ukutani lishindilie kidonge cha vitamini C kwa nusu dakika. Likififia, ni chuma. Dawa ya kufunga madini ipo kwenye maduka ya vifaa vya mabwawa, ila njia ya uhakika ni kupunguza maji na kujaza mengine yasiyo na madini, hata kama ni kuyanunua kwa boza. Kama huna chanzo kingine, pitisha maji ya kisima kwenye tangi la juu kwanza, yamwagike kwa kurushwa hewani, yakae siku nzima, chuma kitulie chini ndipo ujaze bwawa.

Unga wa manjano-kijani

Mufindi na Njombe, na popote penye misonobari jirani, chavua huanguka kama vumbi na kukusanyika upande upepo unakoelekea. Hufanana na mwani kwa mbali. Pima klorini usiku na alfajiri: isiposhuka, ni chavua. Ichote kwa wavu wenye matundu madogo, ongeza saa za pampu, basi.

Linarudi kuwa kijani kila baada ya wiki chache

Kama unatumia vidonge vinavyoelea peke yake mwaka mzima, jibu huenda liko humo. Vidonge hivyo vina asidi ya sianuriki, inayokinga klorini dhidi ya jua. Kati ya miligramu 30 na 50 kwa lita ni nzuri, tena kwa jua letu inahitajika. Lakini kila miligramu 10 za klorini kutoka kwenye vidonge huacha miligramu 6 hivi za asidi hiyo, na haivukizwi wala haichujwi. Ikifika 100, klorini ya kawaida ya miligramu 2 au 3 imebanwa kiasi kwamba mwani huota klorini ikiwa inaonekana kwenye kipimo. Dawa yake ni kupunguza maji: kutoka 100 kwenda 50 unabadilisha nusu ya bwawa. Baada ya hapo tumia ya unga zaidi, vidonge wakati wa safari.

Usilimwage bwawa lote kati ya Januari na Mei, hasa Tukuyu na sehemu za bondeni. Ardhi ikiwa imeshiba maji, bwawa tupu husukumwa kutoka chini na linaweza kuinuka au kupasuka. Punguza theluthi, jaza, punguza tena. Maji unayotoa yasiende kijitoni, kwenye bwawa la samaki la jirani wala kwenye mboga. Acha klorini iishe kwa jua siku mbili tatu bila kuongeza, pima mpaka isomeke sifuri, ndipo uyamwage kwenye nyasi taratibu.